Saa Moja, Wasomaji Wawili

Kompyuta iliyoletwa Bunda kutoka Butiama ilikuwa na mifumo endeshi miwili, Windows na Ubuntu, na ugonjwa mmoja: saa. Mwenye nayo hana intaneti ofisini. Saa nne asubuhi anafungua Ubuntu, juu ya skrini anasoma 07:00. Anaingia kwenye mipangilio, anairekebisha kwa mkono. Mchana akiwasha Windows, saa imekimbia mbele. Fundi wa kwanza, Musoma, alibadilisha betri ya bodi mama. Wa pili alishauri kupiga Windows upya.

Betri iliyochoka huchelewesha saa ovyo, leo dakika ishirini, kesho siku nzima. Haiikimbizi mbele. Hapa pengo lilikuwa saa tatu kamili kila mara, nalo ndilo pengo kati ya saa za Afrika Mashariki na saa za ulimwengu. Tanzania haisogezi saa kwa majira, kwa hiyo Julai na Desemba alama ni ileile.

Kifaa kinachotunza saa kompyuta ikizimwa ni kimoja, na kinahifadhi tarakimu tupu, bila kusema ni za wapi. Windows, kwa desturi iliyorithiwa tangu MS-DOS, huzisoma kama saa za mahali. Ubuntu huzisoma kama saa za ulimwengu. Kwa kawaida, basi, Ubuntu ndiyo hutangulia na Windows hubaki nyuma. Kompyuta hii ilifanya kinyume, na kinyume hicho ndicho kilichonifungua macho: mtu alishaifundisha Ubuntu kusoma saa za mahali, na mwingine, bila kujua, akaifundisha Windows kusoma za ulimwengu. Kila tiba ilikuwa sahihi. Zilipokutana, ugomvi ulibaki palepale, wagomvi wakabadilishana viti tu.

Ndiyo maana napinga namna tunavyofundisha ufundi wa kompyuta, yaani kumwonyesha mwanafunzi pa kubofya. Dirisha la mipangilio huonyesha thamani; halionyeshi nani mwingine anaiandika. Fundi anayetafuta mpangilio wenye kosa atazunguka sana, kwa kuwa huenda haupo. Aulize kwanza ni kitu gani kinachotumiwa na pande mbili, na kila upande unakielewaje. Wapo watakaosema intaneti ingemaliza yote. Intaneti ingesahihisha saa ya skrini baada ya muda, lakini kifaa kingeendelea kuandikwa kwa desturi mbili, na ofisi nyingi za mkoa huu hupitisha siku nzima bila mtandao.

Niliandika amri ya timedatectl, nikaona mstari unaokiri kwamba Ubuntu inasoma saa za mahali. Nikairudisha kwenye saa za ulimwengu, Windows nikaiacha ilivyo, nikaweka saa mara moja. Kisha nikabandika karatasi ubavuni mwa kompyuta: kilichobadilishwa, upande gani, tarehe gani. Mwenyewe aliisoma mara mbili, akauliza kwa nini mafundi waliotangulia hawakumwachia kama hiyo.