Asante ya Kariokor

Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu ya wanaume watatu wa shaba ambayo wengi wetu huipita macho yakiwa kwenye simu. Mmoja wao ni mpagazi, hana bunduki. Iliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1920, kwenye barabara ambayo enzi za ukoloni ilikuja kuitwa Delamere Avenue, kuwakumbuka Waafrika waliolitumikia jeshi la Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yaliyo chini yake, ambayo husemwa ni ya Rudyard Kipling, yanawasifu wapagazi kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Nimeyasoma mara kadhaa, na kila mara najikuta nikitafuta hilo jina. Hakuna hata moja.

Shuleni tulifundishwa stori hii kama sehemu ya vita: Lettow-Vorbeck huku, majenerali wa Uingereza kule, ramani na mishale. Mimi nimekuja kuiona zaidi kama stori ya kazi. Wapagazi hawa walikuwa na mwajiri, mshahara, kambi na namba ya kazi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifinyanga jina hilo likawa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, mahali kambi zao zilipokuwa. Kwa hivyo konda akiita "Kariokor! Kariokor!" anaita jina la mwajiri wa zamani, tena mwajiri mbaya sana.

Walihitajiwa kwa sababu rahisi. Vita vilihamia kusini, ndani ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambako barabara zilikuwa chache na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mtu. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 20 na kitu, na yeye pia lazima ale, kwa hivyo kadiri jeshi lilivyosonga mbali ndivyo walivyotakiwa watu wengi zaidi wa kubeba chakula cha wanaobeba chakula. Hesabu hiyo ndiyo iliyomeza vijiji. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua kwa lazima, na katika miezi michache ya 1917, chini ya John Ainsworth, wanaume zaidi ya 100,000 walizolewa kutoka Kenya pekee. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza uliwatumia wapagazi karibu milioni moja, na kwamba waliokufa hawapungui 95,000.

Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusunusu, maana hakuna aliyekuwa na muda wala sufuria, uliwakata matumbo watu ambao wengine nyumbani kwao walizoea kula vitu tofauti kabisa. Watu wa nyanda za juu zenye baridi walipelekwa mabonde ya joto, mavazi yao yakiwa haba.

Kuna mtu mmoja ndani ya mfumo huo ambaye namheshimu kwa kiasi fulani. Oscar Watkins, aliyekisimamia kikosi, aliwasumbua wakubwa wake kuhusu chakula, blanketi na hospitali. Hakuwa mtakatifu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu wanapatikana na mizigo inafika. Lakini ukilinganisha zile blanketi na ile shaba ya Kenyatta Avenue, mimi naona asante ilikuwa kwenye blanketi. Pale walipoboresha chakula na matibabu, watu waliacha kufa kwa kasi ile.

Kwenye mshahara mambo yalienda kinyumenyume. Wa kwanza walilipwa rupia 10 kwa mwezi. Kufikia 1915 kiwango kilishushwa hadi rupia 5, ukivumilia miezi mitatu unaongezwa moja. Yaani kazi ilizidi kuua na malipo yakazidi kupungua, halafu walipoanza kuikimbia ndipo ikaonekana kwamba Waafrika ni wavivu.

Vita vikaisha. Nusu ya kwanza ya asante ilitolewa mwaka 1919, kwa wanajeshi Wazungu. Serikali ya koloni ilitenga mashamba makubwa, mengine kwenye ardhi ya Wanandi ambao vijana wao walikuwa wametumika kwenye vita hivyo hivyo, na kuyagawa kwa bahati nasibu. Hapa Nairobi, majina yalichezeshwa ndani ya Theatre Royal, jengo ambalo baadaye lilikuja kuwa sinema ya Cameo. Liko barabara ile ile ya sanamu. Mtu angeweza kusimama baina ya majengo hayo akaona zawadi mbili za mwajiri mmoja: huku shamba lenye hati na jina la mwenyewe, kule sanamu ya mtu asiye na jina, na hiyo nayo ilichelewa karibu miaka kumi.

Nusu ya pili ilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanaume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri wake na mshahara wake, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukiacha kazi bila bosi kuweka sahihi, wewe ni mhalifu. Sasa fikiria mtu aliyetoka Rufiji akiwa bado na kile kibati chake cha namba, anafika nyumbani anavalishwa kingine. Mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku, karani wa simu serikalini, alipata watu wa kumsikiliza haraka sana, na si ajabu.

Kuhusu mishahara ya waliokufa, familia nyingi hazikuipata. Pesa zilibaki vitabuni kama malipo yasiyo na mwenyewe, kwa sababu aliyeandikishwa kwa jina lililokosewa, au kwa namba tu, akifa hana mtu wa kumpata. Serikali ya koloni iliomba pesa hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika, na Hazina ya London ikakataa. Hapo ndipo huwa nakwama. Jina halikuwa pambo, lilikuwa ndiyo njia ya pesa kumfikia mjane.

Makaburi nayo yalifuata mkondo huo. Tume ya Waingereza ya makaburi ya vita ilikuwa imejiwekea kanuni nzuri, kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo. Ilipofika Afrika Mashariki kanuni ikalegezwa. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona kuweka kumbukumbu juu ya makaburi ya wapagazi ni kupoteza pesa za umma, afadhali yarudi porini. Yakarudi.

Ilichukua hadi Aprili 2021 kwa tume hiyo, sasa ikiitwa Commonwealth War Graves Commission, kutoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba angalau watu 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ona ukubwa wa pengo kati ya hizo tarakimu mbili. Mwajiri hajui hata ni wangapi.

Kuna ofisi hapa mjini ambazo hubandika picha ya mfanyakazi bora wa mwezi pale mapokezi, na sina shida na hilo, picha haimuui mtu. Ila huwa nauliza wenzangu swali moja la kichokozi: huyo wa pichani, na yule mama anayefuta kioo cha hiyo picha, wako kwenye orodha moja ya mishahara? Mara nyingi mama ameletwa na kampuni nyingine, na ukiuliza anaitwa nani, unaambiwa ni "mama wa usafi".

Januari 2025 mnara mpya ulifunguliwa Cape Town kwa ajili ya vibarua Weusi wa Afrika Kusini waliokufa kwenye vita hivyo. Una nguzo za mbao ngumu, moja kwa kila mtu, zaidi ya 1,700, na kila nguzo ina jina lake. Kwa wetu, watafiti bado wanapekua daftari na kadi za zamani kutafuta nani alikuwa nani. Pale Kariokor, wakati huo huo, watu wanashona viatu vya ngozi na kuuza vyondo, na siku nyingine moshi wa nyama choma unafika hadi barabarani.