Si Daktari, Si Mwalimu: Wataalamu wa Usemi Walivyoitafuta Nafasi Yao

Harley Street ni mtaa wa London ambako Waingereza wenye uwezo walizoea kwenda kuwaona madaktari bingwa. Katika miaka ya 1920 alipanga chumba hapo Mwaustralia mmoja, Lionel Logue, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari. Alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema jukwaani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, alikuwa amewahudumia huko Perth askari waliorudi wameharibika sauti kwa gesi na kwa misukosuko ya vita. Oktoba 1926 alimpokea mteja mpya: mwanamfalme mwenye kigugumizi, ambaye miaka kumi baadaye angekuwa Mfalme George wa Sita.

Kisa hicho sinema imekwisha kukitangaza. Kinachonivutia mimi ni alichokifanya Logue baadaye. Mwaka 1935 alishiriki kuunda chama cha wataalamu wa tiba ya usemi, na mwaka 1945 chama hicho kiliungana na kingine, kikazaliwa chombo kimoja cha kusimamia mafunzo na mitihani ya taaluma hiyo Uingereza. Kwa masharti ya chombo hicho, kijana mwenye sifa alizokuwa nazo Logue alipotia nanga London asingepita mlangoni.

Ajabu hiyo haikumhusu yeye peke yake. Uingereza, kazi hii ilizaliwa jukwaani: Elsie Fogerty, aliyeanzisha chuo cha usemi na maigizo mwaka 1906, ndiye aliyeipeleka hospitalini St Thomas's. Huko Vienna ilikuwa mikononi mwa madaktari, na mmoja wao, Emil Fröschels, alianzisha chama cha kimataifa mwaka 1924. Huko Marekani ilishikwa na maprofesa. Mwaka 1925 walikutana Iowa City, nyumbani kwa Lee Edward Travis, na mwaka huohuo wakaunda chama chao, wakidai utafiti na kujitenga na matapeli waliokuwa wakiuza tiba za chapuchapu za kigugumizi. Kwa hiyo hata swali dogo la nani mwenzetu na nani si mwenzetu lilijibiwa kwa namna tatu.

Usikivu uliingia kwa mlango wa vita. Vita vya Pili viliwarudisha Marekani maelfu ya askari wenye masikio yaliyoharibika, na Raymond Carhart, aliyesomea masuala ya usemi, akawa miongoni mwa walioijenga odiolojia, elimu ya usikivu, kama fani. Mwaka 1947 chama cha Wamarekani kiliongeza usikivu kwenye jina lake. Ndoa hiyo haikukosa manung'uniko: mwaka 1988 wataalamu wa usikivu walianzisha chama chao wenyewe, ingawa wengi wao hawakukihama kile cha zamani.

Cheti na jina, hata hivyo, havikutosha kuleta heshima. Heshima hupimwa pia kwa bahasha ya mshahara, na hapo jina la kukumbukwa ni Pam Enderby. Alikuwa mtaalamu wa usemi katika huduma ya afya ya Uingereza, fani ambayo karibu wataalamu wake wote ni wanawake. Katika miaka ya 1980 alidai kwamba kazi yake ina thamani sawa na ya wafamasia na ya wanasaikolojia wa hospitali, ngazi ambazo wanaume walikuwa wengi zaidi na malipo yalikuwa makubwa zaidi. Mwajiri alijitetea kwamba mishahara ya kila kundi ilipangwa katika majadiliano yake tofauti. Mwaka 1993 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa utetezi huo: majadiliano tofauti peke yake hayahalalishi pengo. Nadhani hukumu hiyo iliwajengea wanataaluma hao nafasi yao zaidi kuliko mitihani mingi.

Afrika Mashariki ilipata shahada yake ya kwanza ya tiba ya usemi mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Makerere. Wahitimu wa huku wanaanza na tatizo ambalo Logue hakulijua. Vipimo vingi walivyorithi vilitungwa kwa watoto wa Kiingereza, vikichunguza kama mtoto ameshaweza wingi wa nomino za lugha hiyo. Mtoto wa Kiswahili au wa Kiganda ana ngeli za kumudu, na kila ngeli inadai upatanisho wake katika kitenzi na kivumishi. Anayesema "kiti imevunjika" akiwa na miaka miwili hana kasoro yoyote. Akiwa na miaka minane, jibu linategemea pia Kiswahili kinachozungumzwa nyumbani kwao, na hilo hakuna kitabu kutoka London kitakachomwamulia mtaalamu.