Sake, kodi na vita

Wajapani hawaiti kile kinywaji sake. Kwao sake ni pombe yoyote ile, hata bia. Hii ya mchele jina lake nihonshu, maana yake pombe ya Japani. Lakini sisi tumeshazoea sake, basi tuendelee nayo.

Juzi nilikuwa Kobe, nikaenda mtaa wa Nada, ambako pombe hii imepikwa kwa karne kadhaa. Nilitembelea makumbusho ya Hakutsuru, kampuni iliyoanza mwaka 1743. Iko ndani ya jengo lao la zamani la kupikia, na kiingilio ni bure (haya, nani atakataa?). Sanamu za watu, ukubwa wa binadamu kabisa, zinaosha mchele, zinaupika kwa mvuke, zinakoroga mapipa ya mbao marefu kuliko mtu.

Kilichonishangaza ni ukungu. Ndiyo, ukungu! Mtu aliyekulia Uchagani anajua kwamba mbege haiendi bila kimea cha ulezi. Mchele wa sake hauwezi kutoa kimea kwa sababu umekobolewa. Ule wa sake za bei mbaya hukobolewa mpaka inabaki nusu ya punje au chini ya hapo. Sasa nani atageuza wanga kuwa sukari? Wanapanda ukungu uitwao koji juu ya wali uliopoa, wanaulea kwenye chumba chenye joto siku mbili hivi, halafu ndiyo hamira inapewa nafasi yake. Kingine: watawa wa Kibudha wa Nara waliandika kwenye shajara zao, miaka ya 1560, kwamba pombe ikipashwa moto haiharibiki. Louis Pasteur alikuja na lake miaka 300 baadaye.

Kwa nini Nada? Maji. Mwaka 1840 mpishi mmoja aligundua kwamba maji ya visima vya Nishinomiya, jirani tu na hapo, yanatoa pombe nzuri zaidi. Ongeza baridi ya milima ya Rokko na bandari ya kusafirishia mapipa kwenda Edo, ambayo leo ni Tokyo.

Lakini kwa mwandishi wa habari, utamu wa hadithi hii uko kwenye kodi.

Zamani mkulima wa Kijapani alijipikia doburoku nyumbani, pombe nzito, nyeupe, isiyochujwa. Ilikuwa pombe ya mavuno, ya matambiko, ya wageni. Baada ya 1868 serikali ya Meiji ilitaka reli, viwanda na jeshi la kisasa, na vyote hivyo vinataka hela. Ikapigana na China 1894 hadi 1895, kisha ikaanza kujiandaa kwa Urusi. Mwaka 1899 ikapiga marufuku kupika pombe nyumbani. Wakati huo kodi ya pombe ilikuwa imeipita kodi ya ardhi, ikawa kama theluthi moja ya kodi zote za taifa. Kwa maneno mengine, meli za kivita zilielea juu ya sake. Na mwaka 1904, mwaka ule ule vita na Urusi vilipoanza, serikali ikafungua taasisi ya utafiti wa upikaji pombe. Si kwa mapenzi ya ladha, jamani! Pipa likichacha, kodi nayo imepotea.

Wakenya wanaosoma hapa watakumbuka chang'aa, iliyokatazwa kwa sheria ya 1980 na kuruhusiwa 2010. Lakini kule walau kulikuwa na hoja ya watu kupofuka na kufa. Doburoku haikuwa na kesi hiyo. Kosa lake ni kwamba haikupita kwa mtoza kodi.

Kuna mzee mmoja aliyekataa, Maeda Toshihiko. Mwaka 1981 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kupika doburoku, akapika yake, kisha akampelekea mkuu wa mamlaka ya kodi mwaliko wa kuja kuionja. Nilicheka peke yangu niliposoma hilo. Walimshtaki. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Japani, ambayo mwaka 1989 ilisema serikali ina haki ya kulinda mapato yake. Faini yen 300,000.

Tangu 2003, kuanzia mji wa Tono, yapo maeneo maalumu ambako mkulima mwenye nyumba ya wageni anaweza kupata leseni ya doburoku. Nje ya hapo marufuku ya 1899 bado ipo, ingawa leo kodi ya pombe haifiki hata asilimia 3 ya kodi za taifa.

Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa kupika pombe kwa koji kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Bibi wa kijijini akiufanya ufundi huo huo jikoni kwake bila leseni, sheria inaruhusu afungwe hadi miaka 10.