Pingili za Liphistius na Mahali pa Buibui Wakubwa wa Afrika Mashariki katika Uainishaji, 1849–1976

Mwaka 1849 mwanazuolojia wa Kidenmark, J. C. Schiødte, alieleza buibui kutoka kisiwa cha Penang na kumpa jina Liphistius desultor. Upekee wa mnyama huyu ulikuwa mgongoni. Fumbatio lake, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, lilikuwa na vibamba vigumu vilivyofuatana, alama ya pingili ambazo kwa buibui wengine karibu wote zimefutika. Aidha, viungo vyake vya kutolea uzi vilikaa katikati ya upande wa chini wa fumbatio, si mwishoni. Jamaa zake walio hai wanapatikana Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki pekee; Afrika hawapo. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba swali la mahali pa buibui wakubwa wa Afrika Mashariki halikuweza kujibiwa bila yeye.

Ili swali lenyewe lieleweke, yafaa kuwalinganisha buibui watatu. Wa kwanza ni buibui wa ukutani, mwenye miguu mirefu, anayeonekana kwenye ngazi na dari za maghorofa ya Michenzani kama katika nyumba nyingine yoyote ya mjini. Fumbatio lake ni laini, lisilo na vibamba. Ana jozi moja ya mapafu, na meno yake ya sumu hukutana kama ncha za koleo. Wa pili ni Pterinochilus murinus, buibui mkubwa mwenye manyoya wa Tanzania Bara na Kenya. Fumbatio lake nalo halina vibamba, na viungo vyake vya uzi viko mwishoni. Lakini ana jozi mbili za mapafu, na meno yake hushuka sambamba kama sururu mbili zinazopigwa kwa pamoja. Wa tatu ni Liphistius, ambaye kwa mapafu na meno anafanana na Pterinochilus, ila kwa fumbatio hafanani na yeyote kati ya hao wawili. Je, Pterinochilus yu karibu na nani: na yule wa Penang au na yule wa Michenzani?

Majibu mawili yaliyopingana yalichapishwa mwaka mmoja, 1892. Eugène Simon, katika juzuu ya kwanza ya kazi yake kubwa iliyotoka Paris, alimweka Liphistius pamoja na buibui wakubwa, akiwatenga na wale aliowaita buibui wa kweli. Reginald Innes Pocock wa Makumbusho ya Uingereza, London, alilipa uzito fumbatio. Alimtenga Liphistius peke yake katika kundi la Mesothele, na buibui wengine wote, wakubwa kwa wadogo, akawaweka katika kundi la Opisthothele. Ndani ya kundi hili la pili ndimo alimounda Migalomofe, kundi la buibui wakubwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1897, Pocock huyo huyo alichapisha uchunguzi wa Migalomofe wa Afrika waliokuwa katika hifadhi ya makumbusho hayo, na ndimo alimomtaja kwa mara ya kwanza Pterinochilus murinus. Kwa hiyo buibui huyu wa kwetu alipewa jina ndani ya chumba kilichokwisha kujengwa kwa vipimo vya mnyama wa Asia.

Mpango wa Pocock haukushinda mara moja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 waandishi wengi waliendelea kugawa buibui kwa mwelekeo wa meno, pengine kwa sababu meno huonekana upesi. Mwaka 1976 Norman Platnick na Willis Gertsch waliirudia hoja kwa mantiki ya Willi Hennig: sifa ya kale iliyobaki kwa wanyama wawili haithibitishi udugu wao wa karibu, kinachothibitisha ni sifa mpya wanayoshiriki. Meno sambamba na jozi mbili za mapafu ni urithi wa kale. Kupotea kwa vibamba na kuhama kwa viungo vya uzi ni mambo mapya. Basi Pterinochilus ni ndugu wa buibui wa Michenzani, na Liphistius yuko nje ya udugu huo.

Jambo hili lina athari kwa istilahi. Kumwita Liphistius “buibui duni” ni kosa, na hata “buibui wa kale” linapotosha, kwani kila buibui aliye hai ni wa leo. Mtafiti anapendekeza “buibui wenye pingili”, neno ambalo msomaji analijua tayari kutokana na muwa. Tahadhari hii si ya maneno tu. Ilidaiwa kwamba kundi hili halina tezi za sumu, na dai hilo liliafikiana vizuri mno na taswira ya mnyama ambaye hajakamilika. Mwaka 2010 Rainer Foelix na Bruno Erb walizionyesha tezi hizo katika Liphistius.

Hata makazi yake ya sasa hayapaswi kuchukuliwa kuwa asili yake. Mwaka 1996 Paul Selden alieleza kisukuku cha Mesothele kutoka Montceau-les-Mines, Ufaransa, cha enzi ya Kaboni, takriban miaka milioni 300 iliyopita, mbali sana na Penang.