Lori Kuukuu la Vita

Habari nitakayowaeleza leo ni habari ya chuma kilicholiwa na kutu, yaani lori la zamani la jeshi, la namna ile ionekanayo nyuma ya karakana au pembeni mwa shamba la kahawa, halina tairi, majani yameota ndani yake, na kuku wataga chini ya usukani. Mtu mmoja wa upande wa Usa River aliniuliza kama yafaa kulinunua lori la namna hiyo na kulifufua. Yeye aliuliza habari za bei. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuwafundisha walimu historia, nilimjibu habari za asili yake, na jibu likawa refu kuliko alivyotaka. Lakini naona halikuwa nje ya swali, maana anunuaye kitu hiki bila kujua kilitoka wapi hujui pia ni kipi cha kukitengeneza na kipi cha kukiacha kama kilivyo.

Yafaa tuanze na wakati ambapo motokaa ilishindwa. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi na Arusha, na Wadachi wakarudi nyuma. Mwezi uliofuata Jenerali van Deventer alitoka pande za Arusha na askari wake wa farasi, akakiteka kilima cha Lolkisale, na tarehe 19 Aprili akaingia Kondoa Irangi. Walakini masika yalikuwa yameshuka. Kila aliyevuka mbuga za Umasai wakati wa mvua aujua udongo ule mweusi, jinsi unavyoshika mguu wa ng'ombe, sembuse gurudumu. Motokaa za jeshi zikazama, farasi wakafa kwa mamia, na askari waliokuwa Kondoa wakakatwa na ghala zao. Nani aliyewalisha? Ni wapagazi. Walibeba chakula vichwani kutoka Lolkisale, mwendo wa maili kama 120, katika matope na homa. Katika vita ile nzima wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu, walikaribia 100,000. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam ni jina la kikosi chao, likitamkwa kwa ulimi wetu.

Nimeanza na wapagazi kwa makusudi. Lori la jeshi likitazamwa leo laonekana kuwa chuma tu, lakini kazi yake ya kwanza katika nchi hii ilikuwa kuuondoa mzigo katika kichwa cha mtu. Katika vita ya kwanza halikuweza. Katika vita ya pili liliweza, na walioliwezesha ni vijana wetu.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na hapo Kenya ikawa mpakani mwa adui, kwa kuwa Waitalia walikuwa Uhabeshi na Somalia. Askari na magari yakaitwa kutoka Afrika ya Kusini. Reli ilikuwa imefika Arusha tangu mwaka wa 1929, lakini hiyo ni reli ya kutoka pwani. Hapakuwa na reli ya kutoka Rhodesia ya Kaskazini kuja kwetu. Basi magari mengi yalishushwa katika stesheni ya Broken Hill, mji ambao leo huitwa Kabwe, yakaja kwa magurudumu yake yenyewe zaidi ya maili elfu moja: Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, kisha Arusha, na kutoka Arusha kupita Longido na Namanga mpaka Nairobi. Msafara ule ule ulioshindwa na matope mwaka wa 1916 sasa ulipita njia ile ile, ila ukielekea kaskazini, na vumbi lake likatanda chini ya Meru.

Magari yenyewe yalikuwa ya namna nyingi, lakini moja ni jepesi kulitambua hata likiwa limeoza. Lina pua fupi, butu, kana kwamba limegonga ukuta likasimama. Haya yaliundwa Kanada katika viwanda vya Ford na Chevrolet kwa mfano mmoja ulioagizwa na jeshi, nayo yalizidi 400,000. Mengine yaliletwa vipande vipande yakaunganishwa Afrika ya Kusini. Pua ilifupishwa ili gari lisichukue nafasi kubwa melini. Katika yale ya miaka ya mwisho kioo cha mbele kimeinama, upande wake wa juu umetangulia mbele kuliko wa chini, ili kisimulike jua na kuonekana na ndege za adui. Ford lilikuwa na injini ya silinda nane, Chevrolet silinda sita. Mwenye kwenda kununua na azihesabu plagi kwanza, maana wauzaji husema lolote.

Na sasa madereva. Watu wa Tanganyika walioingia jeshini katika vita ile walizidi 80,000. Wengi walikuwa askari wa Keya wenye bunduki, lakini wengine walitiwa katika kikosi cha uchukuzi, wakafundishwa usukani. Yafaa tuufikiri ugumu wake. Giaboksi ya malori yale haikuwa na kitu cha kuyasaidia meno yaingiane. Dereva alipotaka kushuka gia alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia, akatia moto kidogo, akakanyaga tena, ndipo akatia gia nyingine, yote hayo mteremkoni, usiku, taa zimefunikwa, na nyuma yake tani tatu za risasi. Akikosea, meno hulia na gari hushuka lenyewe. Kwa malori hayo majeshi yaliingia Mogadishu tarehe 25 Februari 1941, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili, mwendo ambao kwa miguu ya wapagazi ungalikula mwaka. Mwaka wa 1944 wengine walikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, wakiendesha katika matope mabaya kuliko yale ya Kondoa. Divisheni yao ya 11 ilikuwa na alama ya kichwa cha kifaru.

Vita ilipokwisha, jeshi lilikuwa na magari lisiyoyahitaji, na askari waliorudi walikuwa na bahashishi zao mfukoni na ufundi mikononi. Huku na Kenya wengi walichanga fedha, wakanunua lori, wakatia jina la ukoo au la kijiji ubavuni, wakaanza kuchukua ndizi, mahindi na abiria. Wachache walifanikiwa. Wengi walishindwa, wala si kwa uvivu. Vipuri vilikuwa haba, barabara zilivunja springi, na lori lililokwisha kwenda vitani na kurudi lilikuwa mzee kabla halijauzwa.

Tena kosa hilo halikuwa la askari peke yao. Serikali ya Kiingereza yenyewe ililifanya kwa ukubwa ambao hakuna askari angaliweza kuufikia. Mwaka wa 1947 ulipoanza mpango wa karanga huko Kongwa, mashine mpya hazikupatikana, basi zikanunuliwa zile zilizoachwa na majeshi, nyingine zikitoka mbali kama Ufilipino, ambako zilikuwa zimelala katika mvua na jua. Hata vifaru vya vita vilivuliwa mizinga vikageuzwa kuwa matrekta. Rangi ilikuwa mpya, ndani kutu. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na mashine zikaanza kulala moja moja karakanani zikingoja vipuri visivyokuwapo. Mwaka wa 1951 mpango ukaachwa, umekula paundi zipatazo milioni 36. Basi akija mtu kukuonyesha lori lililopakwa rangi juzi, ikumbuke Kongwa, uombe kuonyeshwa chini yake.

Nisingependa mfikiri kwamba historia ya gari la serikali katika Meru ni ya ushujaa tu. Mwezi wa Novemba 1951 polisi walipanda mpaka Engare Nanyuki, na Wameru wapatao 3,000 wakaondolewa katika ardhi yao ili wapewe walowezi. Nyumba zao zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwa mzee aliyekuwa mtoto siku hizo, mngurumo wa gari zito likipanda kutoka Arusha si mlio wa kumfurahisha, na mwenye kulifufua lori na kupita nalo vijijini huko kwa mbwembwe afadhali alijue hilo kabla.

Sasa nije kwenye kutu, maana hapo ndipo fedha ya mnunuzi inapookoka au kupotea. Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Kwa hiyo lori lililolala pwani miaka 30 huwa limeoza kuliko lililolala huku bara. Hata katika mlima wetu kuna tofauti. Upande wa kusini, Tengeru na Usa, kuna mvua na umande mwingi. Upande wa kaskazini mashariki ni mkavu, na huko chuma hukaa. Ila maji ya huko kaskazini yana madini mengi, ndiyo yatiayo meno ya watoto rangi ya kahawia, na rejeta iliyonyweshwa maji hayo huenda ikawa na ukoko ndani ingawa nje ni nzima.

Chukua nyundo ndogo, uingie chini ya lori, uigonge shasi kutoka mbele mpaka nyuma. Ikilia kama kengele ni nzima. Ikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, iache. Bodi iliyotoboka yazibika. Milango yaweza kufanywa upya na fundi yeyote wa bati aliyeko mjini. Shasi iliyoliwa ndani haina dawa ya bei nafuu. Injini iliyokwama usiilazimishe kwa kuivuta na gari jingine, kama wafanyavyo vijana wenye haraka. Toa plagi, mimina mafuta katika kila silinda, uiache siku kadhaa, kisha ujaribu kuizungusha kwa hendeli, polepole, kwa mkono wako mwenyewe.

Jambo moja naomba wasikilizaji walishike hata wakisahau mengine yote. Magurudumu ya malori mengi ya jeshi yalifanywa kwa vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa nati. Ziko nati zinazofunga gurudumu katika gari, na ziko nyingine zinazoshika vile vipande viwili pamoja. Hizi za pili jeshi lilizipaka rangi nyekundu. Tairi likiwa na upepo, hata kidogo, nati nyekundu haiguswi. Ikifunguliwa, vipande huruka kwa nguvu ya kumwua mtu. Na kwa kuwa rangi ile imekwisha kufifia katika magari mengi, toa upepo wote kwanza, utoe na sindano yake, ndipo ushike spana.

Kuhusu karatasi, mnunuzi asitoe fedha kabla ya kuona kadi ya gari, au kupata habari katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato jinsi gari lisilo na kadi liandikishwavyo. Habari za rangi ya kijani ya jeshi na alama zake aulize polisi mapema, maana raia kujifananisha na jeshi si jambo la mchezo.

Lakini sheria haitamwambia asifute historia iliyomo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yaanza kukihesabu kitu kuwa cha kale kikiwa kilifanywa kabla ya mwaka wa 1863. Lori la mwaka 1942 halimo. Mwenye chuma chakavu aweza kulikata kwa moto wa gesi asubuhi na kuliuza kwa kilo jioni, wala hakuna wa kumwuliza. Malori mengi yamekwisha kwenda hivyo, yakayeyushwa. Na madereva wenyewe waliosalia hai ni wachache mno. Wengi wa wale 80,000 hawakuandika kitabu, wala hawakuandikwa. Kwa hiyo hilo bonde la chuma lenye magugu, mara nyingi ndilo ushahidi pekee uliobaki wilayani kwamba mtu wa hapa alikwenda mpaka Addis Ababa akarudi.

Ndiyo maana nilimwambia yule bwana asianze na mashine ya kukwangua rangi. Aanze na maji, sabuni na msasa laini uliolowanishwa, ubavuni mwa boneti, mahali padogo kama kiganja. Juu atakuta rangi ya mwenye shamba, chini yake pengine jina la askari aliyelinunua baada ya vita, na chini kabisa rangi ya jeshi. Hapo atafute tarakimu. Magari ya jeshi la Uingereza yaliandikwa nambari ubavuni mwa boneti, na ya malori ilitanguliwa na herufi L. Ya Afrika ya Kusini ilitanguliwa na U. Ndani, mbele ya kiti, hutafutwa kibao kidogo cha madini chenye jina la kiwanda na nambari ya shasi. Akiviona, asiguse zaidi siku hiyo. Avipige picha, aandike nambari zote katika daftari pamoja na jina la aliyemwuzia na la aliyemwuzia huyo, kurudi nyuma kadiri wazee wa mahali wanavyokumbuka, na kipande kile cha boneti akiache bila rangi mpya.