Bena Riamba: Nchi Iliyotawaliwa kwa Kiko cha Bangi

Pangani wanamjua Hermann Wissmann kama Mjerumani aliyemtia kitanzi Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, mwaka 1889. Miaka minane kabla, akiwa bado kijana, aliingia Kasai, katika Kongo ya leo, pamoja na Paul Pogge, wakapokewa na Kalamba Mukenge, mtawala wa Walulua. Nchi waliyoikuta ilikuwa ikiendeshwa kwa bangi. Sitanii.

Wafuasi wa Kalamba walijiita Bena Riamba, wana wa bangi, na nchi yao wakaiita Lubuku, urafiki. Jioni wanaume walikusanyika uwanjani, katikati kiko cha kibuyu kikubwa. Mmoja anavuta, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, anampa wa pembeni yake. Kiko hicho hicho kilikuwa mahakama: mwizi au mzinzi alivutishwa mfululizo hadi azirai.

Chanzo cha utawala huu wa bangi kilikuwa biashara. Wachokwe walikuwa wakija kutoka kusini na bunduki zao, wakitafuta pembe za ndovu na mpira. Wazee hawakuwataka, vijana waliitaka hiyo biashara, na bangi ikawa bendera yao. Hirizi na sanamu za uganga zilichomwa moto. Silaha zikapigwa marufuku vijijini, na visasi baina ya kijiji na kijiji vikakatazwa. Hapo ndipo ninapoona akili ya Kalamba na dada yake, Sangula Meta, aliyesimamia ibada ya bangi: msafara wa pembe haupiti penye vijiji vinavyouana. Waliokataa urafiki huo walishambuliwa na kutozwa kodi.

Wissmann aliisifu bangi kwamba iliwafanya watu hawa wapole. Sifa hizo tuzipokee kwa tahadhari, maana msifu alihitaji wapagazi na Kalamba ndiye aliyempatia. Mwaka 1882 Bena Riamba waliwasindikiza Wazungu hao wawili hadi Nyangwe, mji wa wafanyabiashara Waswahili kwenye mto Lualaba. Pogge akarudi nao Kasai. Wissmann akaendelea mashariki mpaka akatokea pwani, Saadani.

Mwaka 1884 alirejea kwa Kalamba, safari hii akimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akajenga kituo cha Luluabourg, jirani na Kananga ya leo. Kalamba alitarajia mshirika. Serikali ya Leopold ilitaka kodi na utii, na miaka ya 1890 wana wa bangi walishika bunduki kupigana nayo.