Reale ya Bibi: Imetengenezwa Wapi, na Lini?



Katika masanduku ya bibi zetu, chini ya kanga na vidani, mara nyingine hutokea sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke aliyejifunika mtandio. Wazee waliiita reale. Bibi harusi akitunzwa sarafu hii, au akiitiwa ndani ya mahari, huambiwa: "Itunze, ni ya mwaka 1780." Kweli mwaka huo umeandikwa. Lakini je, ndio mwaka iliyotengenezwa?

Mwanamke huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria. Mtandio ule ni wa ujane. Alifiwa na mumewe mwaka 1765. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameshaizoea sarafu yake, na hawakutaka nyingine. Basi Austria ikaendelea kuitengeneza bila kubadilisha sura wala mwaka. Hata leo Vienna bado inatengenezwa, na bado imeandikwa 1780.

Chini ya sura kuna herufi S.F. Hizo ni za maofisa wawili wa karakana ya sarafu ya Günzburg, mji ulioko Ujerumani ya leo. Usikimbilie kusema ilitoka huko, kwa sababu karakana nyingine ziliziiga herufi hizo pia. Mwaka 1935 Italia ilipewa ruhusa ya kuitengeneza Roma, wakati ikijiandaa kuivamia Uhabeshi. Uingereza nayo ikaanza London mwaka 1936, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ikatengenezwa hata Bombay.

Wajuzi huitambuaje, basi? Hutazama vitu vidogo: idadi ya lulu katika pambo la begani, manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili, na maandishi ya ukingoni. Karakana mbalimbali zilichonga chapa zao, na mkono wa mchongaji haufanani na wa mwenzake.

Sarafu za Kiislamu zilikuwa na desturi nyingine. Tangu mwaka 79 Hijria, zama za Khalifa Abdulmalik bin Marwan, dirhamu za fedha ziliandikwa wazi mji na mwaka zilipotengenezwa. Hapa kwetu, reale ya Sayyid Barghash ina mwaka 1299, nao ni wa Hijria, sawa na 1882 Miladia. Asiyejua hudhani ina zaidi ya miaka mia saba! Nayo ilitengenezwa Ubelgiji, si Unguja.

Kwa nini tunayasema haya? Kwa sababu mahari na urithi ni haki, na haki hutaka ukweli. Reale iliyotoka Vienna juzi si sawa na iliyotoka Günzburg enzi za Maria Theresa, ingawa zote zimeandikwa 1780. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wapunjao vipimo. Muuzaji asikuuzie mwaka ulioandikwa, na wewe usimwambie mwenzio jambo usilolihakiki.

Ukiwa nayo, ipime kwanza. Iliyo halali ina gramu 28 hivi, upana wa karibu sentimita 4, na fedha safi ya gramu 23 na kitu. Sumaku ikiivuta, si fedha. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arisha, wala usiitoboe ili uivae, maana alama unazozihitaji ndizo zitakazofutika. Mpelekee mjuzi wa sarafu kabla hujampelekea sonara.

Na ikigundulika kuwa ni ya karne iliyopita tu, usihuzunike. Fedha yake ni fedha, na mkono wa bibi uliokupa haupungui thamani.

Allah atujaalie riziki ya halali na ndoa zenye ukweli. Amin.